Mmea Ukitangazwa Kutibu Saratani: Mbinu za Kupima Habari Kabla ya Kutoa Pesa

Habari hizi huja kwa sura ileile. Ujumbe unasambazwa kwenye makundi ya simu: watafiti wa nchi ya mbali wamechukua mmea ambao hata kwetu unaota uani, wametoa dawa yake, wameipakia kwenye "chembe za nano", na seli za saratani zimekufa kwa asilimia 95. Haupiti muda, chupa yenye neno "nano" inaonekana dukani, na ndugu wa mgonjwa wanaanza kuulizana: tumpe au tusimpe?

Kuujibu ujumbe huo kwa kusema "uongo mtupu" hakusaidii, maana una ukweli ndani yake. Dawa kadhaa zinazotundikwa kwenye wodi za saratani zilitoka kwenye mimea, na baadhi hupakiwa kweli kwenye chembe za nano, yaani vichembe vidogo mno vinavyopimwa kwa nanomita. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe hizo mara nyingi hazizidi 200. Lakini kuuamini ujumbe mzimamzima ni hatari zaidi. Kinachotakiwa ni kujua pa kuubana, na pa kuubana ni hapa: kupata kitu cha mmea kinachoua seli za saratani si kazi ngumu. Kazi ni kukifikisha kwenye uvimbe kwa kiasi cha kutosha bila kumwangamiza mgonjwa. Kwa hiyo usihangaike na sifa za mmea. Fuatilia safari ya dawa.

1. Tenganisha mmea na kiini chake

Anza na maswali matatu: ni kemikali gani hasa, imetoka sehemu gani ya mmea, na mgonjwa anapewa kiasi gani? Habari isiyotaja hata jina la kiini haina cha kupimwa.

Chukua mfano wa vinka, ua la waridi au jeupe linalopandwa kwenye bustani nyingi za Pwani. Kitaalamu ni Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika majani yake yalichemshwa kuwa dawa ya kisukari. Watafiti Robert Noble na Charles Beer walipoyachunguza nchini Kanada miaka ya 1950, hawakuona sukari ikishuka. Waliona seli nyeupe za damu zikipungua. Hapo ndipo vinblastini ilipopatikana, kisha ikafuata vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Leo vinkristini ni mojawapo ya dawa za saratani ya damu ya watoto na za limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda.

Sasa angalia kipimo. Kwa mtu mzima, dozi moja ya vinkristini kwa kawaida haizidishwi miligramu 2. Huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo, huua. Ikizidi, neva huharibika, vidole hufa ganzi na matumbo hugoma kufanya kazi. Majani ya vinka yana alkaloidi zaidi ya 70, na kiasi cha kila moja hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa jani. Anayekunywa maji ya majani hayo hajui amekunywa sumu kiasi gani, na aliyemuuzia hajui pia. Ukiambiwa "huu ndio mmea wanaoutumia hospitalini", jibu lako liwe fupi: hospitali haimpi mtu mmea. Inampa kiini kimoja, kilichosafishwa na kupimwa.

2. Uliza dawa imebebwa na nini

Viini vingi vya mimea haviyeyuki kwenye maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutafuta chembe za nano, na mfano wake mzuri ni paklitakseli. Gome la mti wa Taxus brevifolia lilikusanywa katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani wakatenga kiini na kuchapisha umbo lake mwaka 1971. Dawa ikaidhinishwa mwaka 1992 kwa saratani ya ovari. Kutoka gome hadi idhini ilipita miaka 30, na mojawapo ya vikwazo ni kwamba kiini kilikataa kuyeyuka.

Njia iliyopatikana ilikuwa kukichanganya na pombe pamoja na Cremophor EL, kiyeyushi kinachotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo. Kiyeyushi hicho chenyewe huwaletea baadhi ya watu mzio mkali. Ndiyo maana anayepewa paklitakseli ya kawaida hutanguliziwa dawa za kuzuia mzio, deksamethasoni ikiwemo, na dripu yake ya kila wiki tatu huenda kwa saa 3. Mpira wa dripu hauwi wa plastiki ya PVC, kwa sababu kiyeyushi huvuta kemikali kutoka kwenye plastiki hiyo na kuziingiza mwilini.

Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha Abraxane. Humo paklitakseli imeshikamanishwa na albumini, protini iliyomo kwenye damu ya kila mtu, ikawa chembe za nanomita 130 hivi. Dawa hufika kwa muuguzi ikiwa unga, miligramu 100 ndani ya kichupa. Anaingiza mililita 20 za maji ya chumvi polepole, kwa dakika moja au zaidi, akiuelekeza mchirizi kwenye ukuta wa kichupa ili povu lisifanyike. Anakiacha dakika 5 unga ulowe, kisha anakizungusha taratibu kwa dakika 2. Hakitikiswi. Kinachotoka ni kimiminika cheupe kinachoingia mshipani kwa dakika 30, bila Cremophor na kwa kawaida bila kutanguliziwa dawa za mzio.

Faida hiyo ni ya kweli, na ina gharama yake. Kiyeyushi kilipoondoka, madaktari waliweza kupandisha dozi hadi miligramu 260 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, badala ya 175. Katika jaribio la saratani ya matiti iliyosambaa, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 33 ya waliopewa Abraxane, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa ile ya kawaida. Hapohapo, wenye ganzi kali ya mikono na miguu waliongezeka.

Somo la kushika: kibebeo kikibadilika, dawa imebadilika. Dozi ya moja haihamishiwi kwenye nyingine, na usalama wa moja hauthibitishi usalama wa nyingine. Muuzaji akisema bidhaa yake ina "kiini kilekile cha hospitali, ila kwa nano", ameongeza swali badala ya kulijibu.

3. Neno "kulenga" lisikulevye

Matangazo hupenda kusema dawa "inakwenda moja kwa moja kwenye saratani". Katika sayansi neno hilo lina maana mbili, na inafaa ujue unauziwa ipi.

Ya kwanza ni kulenga kwa kubahatisha njia. Mwaka 1986 Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huwa na matundu, kwa hiyo molekuli kubwa huvuja na kukwama humo kuliko kwenye nyama nzima ya mwili. Matumaini mengi ya chembe za nano yalijengwa juu ya jambo hilo. Tatizo ni kwamba ini na bandama zinajua kazi yake: hukamata vitu vigeni vinavyoelea kwenye damu, chembe za nano zikiwemo. Watafiti wa Toronto walipokusanya mwaka 2016 matokeo ya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, walikuta kiwango cha kati cha dozi inayofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Isitoshe, si kila uvimbe wa binadamu unavuja kama uvimbe wa panya uliopandikizwa maabara.

Ya pili ni kulenga kwa alama. Chembe huvikwa kitu kinachoshikana na protini fulani iliyo juu ya seli za saratani. Hata hapa, kushika alama hakutoshi kumponya mtu. BIND-014 ilikuwa chembe ya nano iliyobeba dositakseli, ndugu wa paklitakseli, na kuvikwa kitafutio cha protini ya PSMA. Ilisifiwa sana na ikajaribiwa kwa binadamu. Matokeo hayakutosha, na kampuni iliyoitengeneza ikafilisika mwaka 2016.

Kulenga kulikofaulu kuna mkono wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake walitangaza maitansini, kiini kikali walichokipata kwenye mmea wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Kutafuta malighafi zaidi kukawafikisha watafiti wa Marekani kwenye Maytenus buchananii wa Shimba Hills, Kwale, ambako katika miaka ya 1970 zilivunwa zaidi ya tani 27 za mmea huo. Kwenye sahani za maabara maitansini iliua seli kwa kiasi kidogo mno. Kwa wagonjwa ikaleta madhara mazito bila nafuu ya maana, na ikawekwa kando.

Ilirudi baada ya kupata kibebeo. Kemikali iliyotengenezwa kutokana nayo, ambayo sasa malighafi yake hutoka kwa bakteria na si msituni, iliunganishwa na kingamwili iitwayo trastuzumabu. Kila kingamwili hubeba molekuli 3.5 kwa wastani na kushika protini ya HER2. Haihesabiwi kuwa chembe ya nano, lakini kazi inayofanya ndiyo ileile wanayoitafuta wa nano. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa jina la Kadcyla, kwa saratani ya matiti yenye HER2 nyingi. Saratani isiyo na alama hiyo haihusiki. Basi ukisikia "inalenga", uliza: inalenga alama gani, na je, mgonjwa wetu amepimwa akakutwa nayo?

4. Uliza ni asilimia 95 ya nini

Ushahidi wa dawa una ngazi, na habari nyingi za mimea zimesimama kwenye ngazi ya chini kabisa: sahani ya maabara. Seli zilizotandazwa kwenye sahani hazina ini wala figo. Hata jiki ukiimwaga humo, zitakufa zote. Ngazi ya pili ni panya. Ya tatu ni binadamu, nayo ina awamu zake: ya kwanza hutafuta dozi inayovumilika kwa watu wachache, ya pili huangalia kama kuna dalili ya nafuu, ya tatu hulinganisha dawa mpya na matibabu yanayotumika, kwa mamia ya wagonjwa.

Soma habari ukitafuta maneno manne: sahani, panya, wagonjwa wangapi, walilinganishwa na nini. Kama hayapo, chukulia kwamba dawa haijamfikia binadamu.

Ukishafika kwa binadamu, jiandae kwa tarakimu zisizo na shangwe. Katika jaribio la wagonjwa 861 wa saratani ya kongosho iliyosambaa, nusu ya walioongezewa Abraxane kwenye dawa ya jemsitabini waliishi zaidi ya miezi 8.5, dhidi ya 6.7 kwa waliopewa jemsitabini peke yake. Onivyde ni liposomu, yaani kifuko cha mafuta, kilichobeba irinotekani, dawa yenye asili ya mti wa Kichina Camptotheca acuminata. Iliidhinishwa mwaka 2015 baada ya kupandisha miezi hiyo kutoka 4.2 hadi 6.1, ikitumiwa pamoja na dawa nyingine kwa wagonjwa wa kongosho ambao jemsitabini ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Hizo ni chembe za nano zilizofaulu, zilizo hospitalini kwa haki. Zimeongeza wiki na miezi. Anayekuahidi kuponya kabisa kwa chupa tatu anadai makubwa kuliko walioshinda mtihani.

Tena usidhani dawa ya mmea bila nano ni duni. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil kwa watu wenye virusi vya ukimwi na saratani ya Kaposi iliyokomaa. Paklitakseli ya kawaida, pamoja na ARV, ilishinda matibabu mengine mawili yaliyolinganishwa nayo.

5. Chupa yenye neno "nano" ikiwa mezani

Bidhaa ya kawaida ya namna hii ni ya manjano. Kiini chake, kurkumini, ni karibu asilimia 3 ya unga wa manjano, na mwili hukinyonya kwa shida: hata watu waliomeza gramu kadhaa walikutwa na kiasi kidogo mno kwenye damu. Hapo ndipo watengenezaji wanapotia pilipili manga au kuifanya nano ili inyonywe zaidi. Kunyonywa zaidi ni kubadili dozi. Marekani wameripotiwa watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, baadhi vikiwa na kiini cha pilipili manga. Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida. Vidonge ni habari nyingine.

Chupa ikiwa mkononi, fanya hivi:

Tafuta jina la kiini na miligramu zake kwa kila dozi. "Mchanganyiko wa mitishamba" si jibu.

Tafuta namba ya usajili, kisha uihakiki: Tanzania ni TMDA kwa dawa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa dawa za asili, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ni NDA.

Soma imesajiliwa kuwa nini. Kusajiliwa kuwa kirutubisho au dawa ya asili hakumaanishi imethibitishwa kutibu saratani. Barua ya maabara inayosema bidhaa haina sumu fulani nayo haisemi kwamba inaponya.

Angalia njia ya kuitumia. Abraxane, Onivyde na Kadcyla zote hupitia mshipani. Habari ikisifu sindano na wewe unauziwa kidonge, hivyo ni vitu viwili.

6. Usichanganye kimyakimya

Wagonjwa wengi hawamwambii daktari kwamba wanatumia mitishamba kwa kuogopa kugombezwa. Hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Paklitakseli, vinkristini na irinotekani huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na vimeng'enya hivyo huguswa na vitu vingine. Hypericum perforatum, mmea unaouzwa kuwa tiba ya sonona, hupunguza kiasi cha irinotekani inayofanya kazi mwilini, kwa hiyo dripu inakuwa imetundikwa nusu bure. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya ARV, na dawa kadhaa za fangasi hufanya kinyume: zinaiacha vinkristini ibaki nyingi kupita kiasi na kuumiza neva. Dawa ya nano nayo hupita kwenye ini hilohilo.

Ukienda kliniki, beba chupa yenyewe au picha ya lebo yake. Sema kwa uwazi: "Daktari, shikamoo. Mama anatumia hii tangu mwezi uliopita. Tuiache lini kabla ya dripu?" Swali la namna hiyo hufungua mazungumzo. Kisha uliza mengine matatu: saratani yetu ni ya aina gani na ina alama gani zilizopimwa? Dawa tunazopewa zinatarajiwa kufanya nini, kuponya au kurefusha maisha na kupunguza maumivu? Kuna jaribio lolote la kitabibu tunaloweza kuingia?

Kuhusu majaribio, lililo halali hujulikana kwa dalili zake. Limeandikwa kwenye rejista ya wazi, kama Rejista ya Majaribio ya Kitabibu ya Afrika, PACTR. Lina kibali cha kamati ya maadili. Unapewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa na una haki ya kujitoa wakati wowote. Kwa kawaida hulipii dawa inayojaribiwa. Anayekwambia "tuko kwenye utafiti" huku akikupa namba ya kutuma pesa, ni mfanyabiashara.

Mimea imewapa wagonjwa wa saratani dawa za kweli, na itaendelea kuwapa. Lakini kila moja iliyofika wodini ilitengwa, ikapimwa, ikapata kibebeo kinachofaa na ikajaribiwa kwa watu kabla ya kuuzwa. Isiyopita humo haijawa dawa, hata ikiandikwa "nano" kwa herufi za dhahabu. Kama nyumbani kuna mgonjwa, usikatize matibabu ya hospitali kwa ajili ya chupa ambayo muuzaji wake hawezi kukuambia ina kiini gani, kiasi gani, na imeshampa nafuu nani zaidi ya panya.